Kuuliza Daftari la Kompyuta kwa Saa

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Swala tumefaradhishiwa kwa nyakati maalumu (An-Nisaa, aya ya 103). Basi Muislamu hapaswi kuwa mzembe wa saa, hata katika kumbukumbu.

Tuchukue mfano wa daftari la wanaokesha msikitini kumi la mwisho la Ramadhani. Newala iko mashariki ya Masasi, jua huchwea huko mapema kwa kama dakika 2. Kwa hiyo tusiandike "baada ya Isha" tu, tuandike saa.

Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, nayo ni 00:00. Saa zetu za mchana, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 6. Saa 1 mpaka saa 5 usiku, ongeza 18. Saa 6 usiku ni 00:00. Saa 7 usiku mpaka saa 12 alfajiri, toa 6. Hivyo saa 2 usiku ni 20:00, na saa 8 usiku ni 02:00.

Sasa tunataka waliofika kati ya saa 2 usiku na saa 11 alfajiri. Tukiiambia kompyuta, "Nipe waliofika kuanzia 20:00 na kabla ya 05:00," haitaleta hata mmoja! Hakuna saa iliyozidi 20 ikawa pia chini ya 5. Neno "na" tulibadili liwe "au", na wote watapatikana.

Lakini tahadhari: "au" itachanganya usiku wote wa kumi hilo. Tukitaka usiku mmoja, mathalani wa Jumanne kuamkia Jumatano, tutaje siku pamoja na saa: kuanzia Jumanne 20:00, na kabla ya Jumatano 05:00. Hapo "na" ni sahihi. Kwetu Waislamu usiku huo ni wa Jumatano tangu Magharibi, bali kompyuta hubadili tarehe saa 6 usiku.

Tusipozingatia haya, kijana aliyefika saa 8 usiku ataitwa mtoro mbele ya wazazi wake, hali alikuwa amesimama katika swala. Hiyo ni dhulma, japo hatukuikusudia. Daftari ni amana.

Zoezi: Nani walifika kati ya saa 4 usiku na saa 9 usiku? Andika swali lako.

Wabillahi tawfiq.