Chunusi, Chakula na Pomadi ya Sokoni

Kwako Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 23. Nilizaliwa vilimani Masisi, nikalelewa kwa maziwa na viazi. Huu ni mwaka wa pili nafundisha Mubi, wilaya ya Walikale. Tangu nishuke huku uso umejaa chunusi, na zile za kidevuni huzidi siku chache kabla ya hedhi. Ngozi yangu haivumilii, kitu kidogo huiwasha. Nikiwa safarini nilinunua pomadi sokoni. Kwa wiki tatu uso ulitakata ukawa mweupe, nikafurahi. Sasa ni mwezi wa tano, chunusi zimerudi maradufu, mashavu ni mekundu, na nikiiacha siku mbili uso unawaka moto. Wenzangu wakaniambia niache maziwa, mawese, sombe, maharagwe na karanga. Nimeacha vyote, nakula bugali kwa mboga kidogo, na chai ya sukari na mandazi, nami nimekonda. Mama wa mchumba wangu anasema huu ni ugonjwa wa damu. Na mdogo wangu wa miaka 15 ameanza kuniomba ile pomadi. Niache nini, nipake nini?

Mwalimu, Mubi

Binti yangu Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili, na kila mara nimesimama mahali pale ulipopapita upesi, yaani penye habari ya ile pomadi. Kwani wewe umetanguliza chakula, na wenzako wamekitwika chakula mzigo wote, ilhali mimi naona kwamba ngozi yako imedhulumiwa na kopo kabla ya kudhulumiwa na sahani, na maadamu kopo hilo lingali mezani pako hatuwezi kupima kwa insafu kosa la maziwa wala la mawese.

Pomadi iletayo nuru kwa wiki tatu, kisha ikadai kupakwa kila siku kama mdai aliyekuja kuketi mlangoni, aghalabu huwa imetiwa dawa za jamii ya steroidi, mathalani betamethazoni au klobetazoli. Dawa hizo zina kazi yake halali mkononi mwa tabibu, ambaye huziandika kwa siku za kuhesabika kwa baadhi ya maradhi ya ngozi. Walakini zikipakwa usoni miezi mitano hufunika wekundu bila kuondoa chanzo chake, hupunguza unene wa ngozi hata vishipa vyake vikaonekana, na huzaa chunusi zake zenyewe, nazo yamkini ndizo hizo zilizokurudia maradufu. Pomadi nyingine hutiwa haidrokwinoni au zebaki ili kuleta weupe. Mwaka 1975 tabibu mmoja wa Afrika Kusini alieleza jinsi nyuso za wanawake waliotumia haidrokwinoni kwa muda mrefu zilivyoingia weusi wa kibuluu, ambao kuuondoa ni taabu kubwa. Umoja wa Ulaya uliikataza katika pomadi za namna hiyo mwaka 2001. Na majirani zenu wa Rwanda, mwishoni mwa mwaka 2018, walituma polisi na wakaguzi madukani kuzikusanya. Zebaki nayo hudhuru figo.

Hivyo basi, usiongeze pomadi nyingine juu ya hiyo, wala usiitupe kabla mganga hajaiona. Ichukue pamoja na kopo lake na karatasi yake, uende nayo kituo cha afya au hospitali kuu ya Walikale, useme bila haya umeipaka mara ngapi kwa siku na kwa miezi mingapi, kwa sababu wako wanaohitaji kupunguziwa taratibu, au kupewa iliyo dhaifu zaidi kwa kitambo, na wako wanaoacha mara moja. Kwa vyovyote vile, uso utawaka na kufura kwa wiki kadhaa, pengine kwa miezi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakalirudia kopo wakidhani wamethibitisha kuwa ndilo dawa. Nakuomba, binti yangu, ukivuke kipindi hicho. Huo moto ni ngozi inayojifunza upya kuishi bila mfadhili wa uongo.

Sasa nije kwenye hilo neno la damu, ambalo najua limekuchoma kuliko chunusi zenyewe. Chini ya ngozi ya uso ziko tezi ndogo zitoazo mafuta, nazo huchochewa na homoni zinazoamka katika ujana na kupanda na kushuka kila mwezi kwa mwanamke, ndiyo sababu kidevu chako hukupa habari kabla ya hedhi. Mafuta hayo yakichanganyika na ngozi iliyokufa huziba kitundu cha unywele. Vijidudu ambavyo kwa desturi hukaa hapo bila ugomvi huzidi, na mahali pale pakavimba. Hakuna damu chafu hapa, wala uchafu wa mwili, wala maambukizo ya kumpa mtu. Iko asili ya kurithi, na iko hali ya nchi: wewe umetoka kwenye malisho yaliyo juu ya meta 2000, ambako baridi ya asubuhi humfanya mtu ajitande, ukashuka hadi msitu wa Walikale ambako hewa ina unyevunyevu na jasho halikauki shingoni. Ngozi iliyozoea Masisi na kupakwa mafuta mazito dhidi ya ukavu haina haja nayo Mubi.

Katika habari ya chakula nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo ulipojinyima bila sababu, na kukonda kwako kunanisikitisha. Mawese unayoyala hayapandi kutoka tumboni yakatokee usoni. Mwili huyavunja kama uvunjavyo chakula kingine, na wekundu wake ni asili ya vitamini A, ambayo macho na ngozi huihitaji. Sombe, ambayo watu wa pwani huiita kisamvu, haina mashtaka yoyote ninayoyajua, wala maharagwe. Lakini tazama ulichobakiza baada ya kuviacha hivyo: chai ya sukari na mandazi! Umewafukuza wasio na hatia, ukamweka nyumbani yule aliye na ushahidi juu yake.

Ushahidi wenyewe ni huu. Mwaka 1990 tabibu wa Sweden, Staffan Lindeberg, aliwapima watu 1200 wa kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea, na miongoni mwao walikuwamo vijana 300 wa miaka 15 hadi 25. Habari zao zilipochapishwa mwaka 2002 ilisemwa kwamba hakuonekana hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi vikuu, viazi vitamu, magimbi, matunda, samaki na nazi, wala unga mweupe na sukari havikuwa sehemu ya maisha yao. Unaweza kusema, nami nitakubali, kwamba pengine nasaba yao ndiyo iliyowalinda. Basi mwaka 2007 wataalamu wa Australia waliwachukua vijana wa kiume 43 wenye chunusi, baadhi wakawapa kwa wiki 12 chakula kisichopandisha sukari ya damu kwa haraka, na hao wakapona zaidi kuliko wenzao. Vijana 43 si umma, walakini maelezo yake yanaingia akilini: sukari ya damu ikipanda kwa ghafla, insulini hupanda nayo, na insulini huzichochea zile tezi.

Kwa maziwa sina neno gumu, na moyo wangu unasita kumwambia mtoto wa Masisi ayaogope maziwa. Mwaka 2005 kulitolewa habari za wauguzi 47,355 wa Marekani walioulizwa walikula nini walipokuwa shuleni, ikaonekana kwamba waliokunywa maziwa mengi, na hasa yaliyoondolewa mafuta, walikumbuka zaidi kuwa na chunusi. Lakini kumbukumbu ya ujanani ni mizani dhaifu, na juu ya jibini ile ya mviringo itengenezwayo kwenu sijaona hukumu thabiti. Nasaha yangu ni hii: rudisha leo hii maharagwe, karanga, lenga-lenga, sombe na mawese yake, na wale samaki wadogo waitwao sambaza wanapofika, punguza sukari ya chai siku kwa siku, na mahali pa mandazi uweke magimbi, ndizi ya kupika au kiazi kitamu. Maziwa yaache nje kwa miezi mitatu kwanza, kwa kuwa umeshayaacha, kisha yarudishe uone uso utasema nini. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, ama sivyo hutajua kilichokuponya. Ikiwa huko uliko maharagwe na samaki hukosekana njia zinapofungwa, usisubiri hata hiyo miezi mitatu, kunywa maziwa yako, kwani siha ya mwili mzima imetangulia wajihi.

Habari za kupaka hazina urefu. Osha uso mara mbili kwa siku, na baada ya jasho, kwa maji safi na sabuni laini, wala si ile ya kufulia, na usisugue kwa kitambaa kigumu. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, yabaki kwa nywele na miguu. Usikamue chunusi, maana doa jeusi linalobaki hukaa miezi, na jua huliongeza weusi, kwa hiyo jifunike kwa kofia pana au mwavuli. Ngozi ikishatulia, na si kabla, muulize mganga juu ya benzoili peroksidi, ile hafifu ya asilimia 2.5, kidogo tu, usiku mmoja ndiyo, mmoja siyo. Itachujua rangi ya foronya yako, usishangae. Asidi ya azelaiki husaidia chunusi na madoa pamoja, ikipatikana. Na kwa kuwa arusi iko njiani, mwambie mganga waziwazi kwamba unaolewa, kwa sababu dawa za jamii ya retinoidi hazimfai mwanamke anayetarajia mimba, wala doksisaiklini haipendekezwi wakati wa mimba.

Lakini vipele vikija na homa na tezi za shingo kuvimba, au vikitokea viganjani, usikae na barua yangu: nenda kituoni siku hiyohiyo, kwani mpox, ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangazia hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, imepita sana katika Kivu zote mbili. Vinavyowasha usiku katikati ya vidole ni upele, navyo vina dawa yake nyingine.

Mama mkwe mtarajiwa usishindane naye. Mwambie kwa adabu, mchumba wako akiwapo, kwamba umeonana na mganga, na umweleze aliyoyasema. Ama mdogo wako, mkalishe umwoneshe mashavu yako kwenye mwanga wa mchana, umhesabie wiki tatu za furaha na miezi iliyofuata. Na pomadi yoyote itakayosalia mganga akishamaliza nayo, mkaizike pamoja mbali na kisima.

Wako Shangazi