Kumfundisha Mbwa Mkali Bila Fimbo

Wenzangu wa bweni wamenitaka nieleze jinsi mbwa wetu wa Nakivale alivyofundishwa bila kupigwa, maana wapo wasiosadiki. Basi nitaeleza, na wazee wetu waliosoma hapa zamani, walio na mbwa wakali majumbani mwao, huenda nao wakapata faida.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, katika wilaya ambayo sasa huitwa Isingiro, si mbali na Mbarara. Wamo Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Sisi Wakongomani hufuga mbwa ili alinde mbuzi na kuku. Jirani yetu Msomali, kwa ajili ya tohara ya sala, hataki hata mate ya mbwa yamguse. Kwa hiyo mbwa mkali kwetu si jambo la mwenyewe peke yake, ni jambo la ujirani. Askari, mbwa wetu, alipoanza kuwakimbilia watoto waendao kuteka maji, wazee walikuja wakamwambia baba kwa adabu, "Mzee, ama mbwa huyu atulie, ama aondoke." Sote tulijua maana ya kuondoka. Tukapewa muda wa likizo kubwa ya Disemba.

Majirani wengi walishauri fimbo. Lakini daktari mmoja wa mifugo wa Mbarara alikuwa amenieleza neno ambalo sikulisahau: mbwa anayewakimbilia watu, mara nyingi ni mwoga kuliko shujaa. Fikiri mwenyewe. Mtoto anapita, mbwa anabweka, mara fimbo inamshukia. Amejifunza nini? Kwamba watoto wakipita, maumivu huja. Kesho atawachukia zaidi. Tena kunguruma ni onyo. Ukimpiga kwa sababu amenguruma, humwondolei hofu yake, wamwondolea onyo tu, na siku nyingine atauma kimya kimya.

Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, aliona kwamba mbwa huanza kutoka mate kabla chakula hakijafika kinywani, apatapo tu dalili kwamba chakula chaja. Kazi yangu ilikuwa kumfanya mtoto apitaye awe ndiyo dalili hiyo.

Nilimfunga Askari kwa kamba ndefu kivulini, mbali na njia, nikatafuta umbali ambao aliweza kumwona mtu, akasimamisha masikio, lakini asibweke. Kwetu zilikuwa hatua arobaini hivi. Mtu alipotokea, nilimtupia dagaa mmoja, kisha mwingine, mpaka mtu yule apite. Alipokwisha kupita, dagaa nao walikoma. Utaratibu huu usigeuzwe: kwanza mtu, ndipo chakula. Ukitoa chakula kwanza, mbwa hajifunzi kitu, anashiba tu. Baada ya siku kadhaa Askari alimwona mtoto, akageuza uso kunitazama mimi, kana kwamba aniuliza, "Yuko wapi dagaa?" Hapo ndipo nilipomsogeza hatua chache karibu na njia. Akibweka, sikumpigia kelele. Nilimrudisha nyuma tulikotoka. Robo saa asubuhi na robo saa jioni yatosha, kwa maana mbwa naye huchoka na masomo kama sisi.

Najua mtu atasema kwamba ni aibu kumrushia mbwa dagaa mahali ambapo posho ya wakimbizi imepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Ni neno la haki. Lakini sikumwongezea chakula. Nilimgawia kile kile chake cha kila siku, kidogo kidogo, badala ya kummwagia chote mara moja.

Kwa mbwa anayenguruma akiwa mbele ya chakula chake, usimnyang'anye ili kumwonyesha nani mkubwa. Pita mbali kidogo, mtupie kitu kitamu kuliko alicho nacho, uende zako. Atazoea kwamba mtu akikaribia huleta, hachukui. Kazi hii si ya watoto wadogo.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa watu, si mbwa. Kama mmoja anatoa dagaa na mwingine anarusha jiwe, mafunzo yote ni bure. Mama aliwaita watoto wa jirani, akawaomba wasikimbie wapitapo, maana mbwa hufuata kinachokimbia, wala wasimkazie macho.

Katika juma la sita watoto walipita hatua sita kutoka kwake na madumu yao ya maji, naye alilala akinitazama. Sisemi amekuwa kondoo. Mchana bado hufungwa, na mgeni haingii uani bila kupiga hodi. Ila wale wazee hawajarudi.

Neno moja zaidi, nalo ni la hatari. Mbwa mpole akigeuka mkali ghafula, akitokwa na mate, akiyumba au akishindwa kumeza, usimfundishe. Kaa mbali naye na uwaite wakubwa, kwa maana huenda ana kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukianza kuonekana kwa mtu, karibu kila mara huua, lakini chanjo ikiwahi humwokoa. Akikuuma mbwa yeyote, osha jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo tu, kisha nenda hospitali siku ile ile. Mbwa mwenyewe, kama yu mzima, asiuawe upesi. Afungwe mahali salama na kuangaliwa siku 10.