SOMO LA WIKI: Ghala la kompyuta nalo lina kodi

Mfanyabiashara akiona kompyuta ya hesabu inasuasua, shauri la kwanza analopewa ni kuongeza kumbukumbu au kukodi seva kubwa zaidi. Kabla ya kutoa fedha, yafaa ajue kumbukumbu aliyo nayo inaliwa na nini.

Programu nyingi za benki na maduka zimeandikwa kwa lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Huendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani programu nyingine inayozigawia kumbukumbu na zamu za kazi. Ichukulie kama mtunza ghala. Kila taarifa huwekwa katika kifurushi, na kila kifurushi hubandikwa lebo inayoonyesha aina yake, umri wake ghalani, na kama kimefungwa kufuli.

Katika kompyuta za biti 64, lebo hiyo kwa kawaida huchukua baiti 12. Kifurushi chenye bei na idadi kinaweza kubeba baiti 8 tu za mzigo halisi. Jumla ni 20, lakini kwa kuwa nafasi hugawiwa kwa mafungu ya baiti 8, kifurushi hukalia baiti 24. Toleo la 25 la Java, lililotoka Septemba 2025, linaruhusu lebo ya baiti 8. Kifurushi kile kile hushuka hadi baiti 16. Miamala milioni 10 ikikaa pamoja ghalani, baiti milioni 240 huwa milioni 160. Theluthi nzima imeokolewa bila kununua kifaa.

Hata hivyo, katika toleo hilo nafuu haiji yenyewe. Fundi sharti aiwashe. Tena humfaa zaidi mwenye mizigo midogo mingi. Mwenye vifurushi vikubwa ataona tofauti ndogo.

Sasa tuje kwenye kufuli. Tuseme umebaki mfuko 1 wa sukari, na wauzaji wawili wanasoma hesabu kwa wakati mmoja. Bila kufuli, wote wawili watauuza. Kwa hiyo wa kwanza hufunga, hupunguza hesabu, hufungua, ndipo wa pili asome. Hasara iko pande mbili: ukiondoa kufuli ili upate kasi, utauza usichonacho, ukifunga ghala zima kwa kufuli moja, foleni haitakwisha hata seva iwe kubwa namna gani. Kufuli zuri hufunga kile tu kinachobadilishwa, tena kwa muda mfupi.

Basi, ukiletewa ankara ya seva mpya, muulize fundi maswali matatu. Tunatumia toleo gani? Kumbukumbu imejazwa na vifurushi vya aina gani? Kazi zinasubiri kufuli lipi? Asipokuwa na majibu, usitie saini. Huenda tatizo lako ni mpangilio wa ghala, wala si udogo wake.