SOMO LA IJUMAA: KUACHA KAZI NA KURUDI SHULENI UKIWA MTU MZIMA

Shukrani zote ni za Allah (s.w.), aliyemfundisha mwanadamu yale asiyokuwa akiyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Somo la leo linamhusu mtu mwenye kazi ya mshahara ambaye moyoni ana hamu ya kurudi shuleni. Yuko muuguzi wa A2 anayetaka kufika A1. Yuko mwalimu wa shule ya msingi mwenye diploma ya Serikali anayetamani chuo kikuu. Yuko mlinzi wa depo aliyekatiza masomo ya sekondari baba yake alipofariki. Yuko dada anayeuza katika duka la mtu mwingine, na hesabu zote za duka anazijua kichwani, lakini hana karatasi ya kuonyesha. Wote wanauliza swali moja: je, niache kazi nikasome?

Mtu huyo akiomba shauri hapa Beni, hupewa majibu mawili. Wa kwanza anamwambia: "Umezeeka, shule ni ya watoto." Wa pili anamwambia: "Acha tu kazi, Mungu atafungua mlango." Jibu la kwanza linamvunja moyo. Jibu la pili linaweza kuwalaza watoto wake na njaa. Tuangalie pamoja, hatua kwa hatua, jibu lililo bora.

1. Elimu haiangalii umri

Katika wanazuoni wakubwa wa madhehebu ya Imam Shafi yuko Abu Bakr al-Qaffal wa mji wa Marw, aliyefariki mwaka 417 wa Hijra, yaani 1026. Neno Qaffal maana yake ni fundi wa kufuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alisifika kwa ustadi wake. Wanahistoria wameandika kwamba alianza kusoma fiqhi alipokuwa na umri wa miaka 30 hivi. Akawa imamu wa wanafunzi wengi, na jina la ufundi wake limebaki naye hadi leo. Hakuna aliyeona aibu kumwita fundi kufuli.

Karibu nasi, nchini Kenya, Mama Priscilla Sitienei alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Alipokwisha kupita miaka 80 aliingia shule ya msingi pale Ndalat, akakaa darasa moja na vitukuu vyake. Baadhi ya wanafunzi wenzake aliwapokea yeye mwenyewe siku walipozaliwa. Sababu yake mojawapo ilikuwa hii: alitaka kuandika ujuzi wake wa ukunga na wa dawa za miti, usije ukazikwa pamoja naye. Alifariki mwezi wa Novemba 2022 akiwa na miaka 99.

Basi anayemwambia mtu wa miaka 35 kwamba amechelewa hana hoja.

2. Kwa nini unataka kwenda?

Lakini umri si swali gumu. Swali gumu ni sababu. Wengine wanakimbia shule kwa kuwa wamegombana na mkubwa wa kazi. Wengine wanatafuta cheo ili wasalimiwe mjini. Sababu ya namna hiyo huisha siku ya mtihani wa kwanza.

Angalia mfano wa mtu wa Kivu anayejulikana duniani, Daktari Denis Mukwege. Alimaliza masomo ya udaktari Burundi mwaka 1983, akaanza kazi katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Pale aliona wanawake wanafika wameumia vibaya, na wengine wanakufa, kwa sababu ya kuzaa bila msaada. Aliona kwamba ujuzi aliokuwa nao haukutosha kwa wagonjwa waliokuwa mbele yake. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi. Mwaka 1989 alirudi Lemera kwa wagonjwa walewale. Baadaye ikaja hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999, na tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Katikati ya hayo, mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alipata shahada ya juu kabisa katika Chuo Kikuu cha Bruxelles.

Kazi yenyewe ndiyo iliyompeleka shuleni, na shule ikamrudisha kazini. Ndugu msomaji, nawe jiulize: ni nani anayenisubiri na ujuzi nitakaoupata? Ukiweza kumtaja, sababu yako ina mizizi.

Na usidhani kwamba kubaki kazini daima ndiyo usalama. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, vijana wengi wa Beni na Butembo walipata kazi za kupambana nao, zile tulizoziita "riposte". Kulikuwa na walioacha madarasa kwa ajili ya fedha hizo. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ulitangazwa kwisha, na zile kazi zikaisha pia. Kazi nayo huweza kukuacha kabla wewe hujaiacha.

3. Haki za watu wa nyumbani

Hapa ndipo penye uzito wa somo letu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba inamtosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza wale anaowalisha. Katika miji yetu, ambako mauaji ya tangu mwaka 2014 yamewaleta wakimbizi wa ndani katika nyumba nyingi, mshahara mmoja unaweza kulisha nyumba mbili au tatu. Mwenye mshahara huo si mtu mmoja. Akiacha kazi, wameacha kazi watu kumi.

Kwa hiyo uamuzi huu haufanywi na mtu peke yake usiku kitandani. Ni jambo la shura. Mume akae na mke wake, mke akae na mume wake, na watoto wakubwa waambiwe. Mzazi anayetumiwa fedha kila mwezi aarifiwe mapema, asije akajua siku unga umekwisha. Mwenye deni aonane na anayemdai. Elimu inayonunuliwa kwa haki za wengine, baraka yake ni ndogo.

Ukisoma Surat al-Kahf utakuta habari ya Nabii Musa (a.s.) alipofunga safari kumtafuta yule mja mwema ili ajifunze kwake. Alikuwa Mtume, lakini alikubali kuwa mwanafunzi. Na pamoja na daraja yake alichukua chakula cha njiani, samaki. Kutawakali hakukumzuia kubeba masurufu.

4. Zamu ya Sayyidna Umar

Imam Bukhari amesimulia katika mlango wa elimu kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa na jirani wa Kiansari, nao wakikaa pembeni ya Madina. Walipokezana. Siku moja Umar alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), na jirani alibaki na shughuli zake. Siku ya pili alikwenda jirani. Aliyekwenda alirudi na habari zote za siku ile, akampa mwenzake. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya kitabu hicho, ametoa humo mafunzo mawili: mtafuta elimu asiache kuangalia maisha yake, na awe na bidii ya kuuliza yale yaliyompita siku asiyokuwepo.

Ndugu zangu, hii ndiyo njia ya wengi wetu. Kabla ya kusema "naacha kazi", tafuta kama kuna zamu. Je, mkubwa wako atakubali ufanye kazi nusu siku, au zamu za usiku? Je, chuo kina masomo ya jioni au ya mwisho wa juma? Je, mke na mume wanaweza kupokezana, mmoja asome miaka hii, mwingine asome miaka inayofuata? Mara nyingi mume husoma, mke anauza sokoni ili kulipa minervali, na zamu ya mke haifiki kamwe. Hiyo si zamu, hiyo ni dhuluma.

Asiye na diploma ya Serikali naye ajue kwamba halazimiki kuvaa tena sare na kukaa na watoto. Mtu mzima anaweza kujiandikisha katika mtihani wa Serikali kama "autodidacte", yaani aliyejisomea mwenyewe, akipita kwanza mtihani wa awali. Atajisomea usiku na kuendelea na kazi mchana.

5. Fanya hesabu kwa kalamu

Kama zamu haipatikani, au haitoshi, chukua karatasi. Tuseme mtu anapata dola 200 kwa mwezi, nyumba inakula 160, na anaweza kuweka 40. Masomo ni miaka 3, yaani miezi 36. Akiacha kazi kabisa, nyumba itahitaji 160 mara 36, ambayo ni dola 5,760, mbali na minervali. Kwa kuweka dola 40 kila mwezi, atahitaji miaka 12 ili kuzifikisha. Ndiyo maana wengi huacha kazi mwezi wa kumi, na kabla ya Pasaka wameacha na shule.

Sasa tuseme mtu huyohuyo amebaki na kazi ya nusu siku kwa dola 100, na biashara ndogo ya nyumbani inaleta 40. Pengo ni dola 20 kwa mwezi. Kwa miezi 36 ni dola 720. Hizo zinapatikana kwa kuweka dola 40 kila mwezi kwa miezi 18. Minervali, fotokopi na nauli ziongezwe juu yake. Akiweka katika likelemba au AVEC ya watu waaminifu, isiyo na riba, atafika. Lakini asiende kwa "banque lambert". Riba ni haramu, na deni lake litamtoa darasani kabla ya mtihani.

Uliza pia habari za chuo kabla ya kuaga kazi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vikuu vya nchi yetu viliingia katika mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Kila mwaka una krediti 60, na kazi za nyumbani ni nyingi. Mwenye graduati ya mfumo wa zamani aulize chuo kitamhesabia miaka mingapi, na ajibiwe kwa maandishi. Tena angalia umbali. Anayekaa Beni na kujiandikisha Butembo ana kilometa zipatazo 54 za njia, na usalama wa njia ni sehemu ya hesabu.

6. Kutoka kwa amana

Mkataba wa kazi ni ahadi, na Muislamu hatoroki ahadi. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 imeweka muda wa kuarifu kwa mkataba usio na mwisho. Mwajiri anayemwondoa mtu humpa siku za kazi zisizopungua 14, na kila mwaka kamili wa utumishi huongeza siku 7. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu ya muda huo. Aliyefanya kazi miaka 4, mwajiri angempa siku 42. Yeye basi atoe siku 21.

Andika barua, ubaki na nakala yenye sahihi. Kabidhi funguo, fedha na vitabu mbele ya shahidi. Omba karatasi ya kuonyesha utumishi wako, ni haki yako, na hifadhi nambari yako ya CNSS. Mtumishi wa Serikali asiandike barua ya kuacha kazi kabla hajauliza ofisini kwake habari ya "disponibilité", yaani kuweka kazi pembeni kwa muda. Anayeondoka vizuri huacha mlango nyuma yake ukiwa wazi.

7. Maswali ya kujiuliza nyumbani

a) Ni nani anayesubiri ujuzi wangu?
b) Nani watapungukiwa nikiacha mshahara, na wamekubali?
c) Nimetafuta zamu kabla ya kuacha kabisa?
d) Nina miezi mingapi ya chakula iliyowekwa?
e) Mwalimu wangu akiwa kijana kuliko mimi, nitamheshimu kama Musa alivyomheshimu mwalimu wake?

Aliyejibu yote matano kwa moyo safi, na aswali istikhara, kisha asiogope. Ambaye bado, asikate tamaa. Miezi 18 ya maandalizi nayo ni sehemu ya masomo.

Na sisi tuliobaki tuna wajibu wetu. Umar hangepata zamu bila jirani. Baada ya swala leo, angalia aliye kando yako. Labda ni mtu anayehitaji mtoto wake akae kwenu jioni tatu kwa juma, au kitabu ulichokwisha kukisoma, au taa ya kusomea. Kuwa jirani wa zamu.

Tunamuomba Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa, riziki ya halali, na amani katika Beni, Butembo na vijiji vyetu vyote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Allah. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)