KUSOMA NA KUFAHAMU
Darasa kwa waalimu wa vyuo na wazee wa watoto

Mtoto wetu wa pwani hutiwa chuoni angali mdogo, akasoma alifu na be, akafika Juzuu Amma, kisha akahitimu msahafu, na wazee wake wakafanya karamu. Hilo ni jambo jema, na thawabu ya kuisoma Qurani hapana aikanushaye. Lakini mtoto huyo akiulizwa maana ya Alhamdu, sura aisomayo si chini ya mara 17 kila siku katika sala za faradhi, mara nyingi hunyamaza. Ulimi umefundishwa, moyo umeachwa. Basi leo na tutazame jinsi mtu ajifunzavyo lugha isiyokuwa yake, ili tupate kuiondoa kasoro hii.

Mtu haoni upesi lililo mlangoni pake, kwa hiyo natutoke kwanza nje ya mji wetu, twende Yamumbi, kandoni mwa Eldoret. Huko watoto wengi hunena Kikuyu nyumbani, na jirani zao ni Wanandi. Kiswahili wakisikia sokoni, na Kiingereza wakikuta shuleni. Kiswahili, ambacho sisi twakinyonya pamoja na maziwa ya mama, kwa mtoto wa Yamumbi ni lugha ya kujifunza. Alivyo yeye mbele ya Kiswahili na Kiingereza, ndivyo alivyo mwana wetu mbele ya Kiarabu.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba madarasa matatu ya mwanzo yasomeshwe kwa lugha ya mahali pale. Lakini shule nyingi zilikitanguliza Kiingereza, kwa kuwa wazazi hukiona ndicho mlango wa kazi. Mwaka 2016 Benjamin Piper na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa Kenya. Waliona kwamba watoto husoma Kiingereza kwa sauti vizuri zaidi kuliko Kiswahili au lugha ya mama. Lakini wakiulizwa walichokisoma, hufahamu zaidi katika Kiswahili na lugha ya mama. Je, si hali ile ile ya chuoni petu?

Wako wasemao kwamba ukimsomesha mtoto kwa lugha ya kwao utamchelewesha katika lugha ngeni. Jawabu lilipatikana Ife, nchini Nigeria, mwaka 1970, alipoanza Profesa Babatunde Fafunwa na wenzake kuwasomesha watoto kwa Kiyoruba miaka sita, na Kiingereza kikawa somo peke yake lenye mwalimu wake. Watoto hao hawakubaki nyuma ya wale waliohamishiwa Kiingereza mapema. Hata katika Kiingereza chenyewe walifanya vyema. Sababu yake ni wazi: aliyekwisha kulifahamu jambo kwa lugha yake, hubakiwa na kujifunza jina lake tu katika lugha ya pili.

Na hili si geni katika dini. Qurani yatufahamisha, katika Sura Ibrahim, kwamba kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Naye marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, alipotoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, aliwaeleza watu dini yao kwa Kiswahili, na hali Kiarabu alikuwa bahari yake.

Basi mwalimu afanyeje? Aanze na Alhamdu. Amwonyeshe mtoto kuwa maneno mengi ya sura hiyo anayo tayari kinywani: rehema, ibada, neema, ghadhabu. Kisha amtahadharishe na neno dini, kwani hapo maana yake ni malipo, na asiyeambiwa atadhani jingine. Ampe maneno machache kwa siku, amwulize kesho, tena baada ya juma, kwani lisilorudiwa husahauliwa. Na mwalimu wa pwani aendaye kusomesha bara akumbuke kwamba mtoto wa huko huenda hata neno rehema hajalijua. Amwulize kwanza kwao huitwaje, ndipo ajenge juu yake.

Hatusemi sala isaliwe kwa lugha nyingine, wala hifdhi iachwe. Twasema kuhifadhi kufuatane na kufahamu. Mzee anayelipa ada ya chuo ana haki ya kumwuliza mwanawe jioni, si amefika sura gani tu, bali amefahamu nini. Na mtoto akinyamaza, asipigwe, aulizwe mwalimu.

Maulizo kwa wanadarasa: (1) Taja maneno matano ya sala uyajuayo maana. (2) Nani chuoni pako huwafasiria watoto? (3) Kama hapana, ni nani ataanza?