MTUMWA ALIYEMPELEKA MTOTO SHULE

Somo: Wagalatia 3:23-25

Hapa Paulo anasema torati ilikuwa kiongozi wetu mpaka Kristo alipokuja. Biblia nyingine zimeandika "mlezi". Sisi tukisikia kiongozi tunafikiri mwenyekiti wa kijiji, mtu mkubwa. Wagalatia hawakusikia hivyo. Neno la Kiyunani ni paidagogos, mwenye kumwongoza mtoto, na huyo alikuwa mtumwa wa nyumbani.

Kule Athene mtoto wa kiume alikaa na mama yake na yaya mpaka miaka kama 7. (Msichana alibaki nyumbani akijifunza kufuma, shule haikuwa yake, na hilo hatuwaigi.) Kisha baba mwenye uwezo alimkabidhi kwa mtumwa, mara nyingi mzee asiyefaa tena kazi nyingine. Asubuhi walitembea pamoja, mzee amebeba kinubi na kibao cha nta cha kuandikia, mpaka kwa mwalimu wa kusoma, kwa mwalimu wa kinubi, kwa mwalimu wa mazoezi ya mwili. Njiani alimkanya, na fimbo alikuwa nayo. Lakini kufundisha haikuwa kazi yake. Sheria yao ya zamani ilikataza shule kufunguliwa kabla ya jua kuchomoza au kubaki wazi baada ya kuzama, maana waliogopa watoto kuharibiwa gizani.

Wasomaji wetu wa Hamukungu wataelewa upesi. Kijiji chao kiko kando ya Ziwa George, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth. Simba waliokufa kwa sumu karibu na pale Aprili 2018 walikuwa 11, na viboko hurudi majini alfajiri. Mtoto akienda shule mapema anahitaji mtu mzima kando yake. Akishafika mlangoni, yule mtu anarudi, mtoto anaingia kwa mwalimu.

Ndivyo torati ilivyofanya. Ilitukanya, ikatuchapa, ikatufikisha kwa Kristo. Wako wanaopita nyumba kwa nyumba wakisema imani haitoshi, lazima turudi chini ya masharti ya Musa. Hao wanamtoa mtoto darasani wamrudishe njiani kwa mzee wa fimbo.

Neno hilohilo liko 1 Wakorintho 4:15, pale tunaposoma "walimu". Paulo anasema hata wakiwa elfu kumi, baba si wengi. Wazazi, tusome hapo polepole. Tukishaandikisha mtoto, tukapokea daftari za msaada, wengine hatuulizi tena kama alifika shule au alikwenda mwaloni kuvuta nyavu. Baba wa Athene alimtuma mtumwa. Wewe huna mtumwa, una miguu.

Plato anasimulia kwamba Socrates alimuuliza kijana Lysis ni nani anayemtawala. Akajibu ni paidagogos wake, mtumwa wa kwao. Mwana huru chini ya mtumwa! Toleo lijalo tutaendelea na sura ya 4:1-7, habari ya mrithi ambaye bado ni mtoto. Someni mapema.