Kukagua Kinga ya Umeme Nyumbani

Mwongozo huu ni wa nyumba ya Tanzania yenye umeme wa volti 230. Breka hulinda waya usiungue; haikulindi wewe. Kinachomlinda mtu ni kikata-mvujo, yaani swichi pana iliyo kwenye boksi la breka, yenye kitufe kilichoandikwa T. Hulinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, ukitofautiana, hukata.

Andaa tochi, kalamu na karatasi. Bisibisi haihitajiki: mfuniko wa boksi usifunguliwe.

1. Soma kikata-mvujo. Tafuta "30 mA" au "0.03 A". Chenye 100 au 300 mA husaidia kuzuia moto, lakini hakitoshi kuokoa mtu. Kama hakipo kabisa, nenda hatua ya 4.

2. Zima kompyuta, kisha bonyeza T mara moja. Lazima kijizime papo hapo. Hakikisha taa na soketi zinazopitia hapo zimekosa umeme. Kisipojizima, kibadilishwe. Rudia kila miezi 6.

3. Washa tena. Kikikataa kukaa, chomoa vifaa vyote, zima breka zote, washa kikata-mvujo, halafu washa breka moja moja. Inayokiangusha ndiyo yenye mvujo, iache imezimwa. Kikianguka breka zote zikiwa zimezimwa, usiendelee: huenda nyutro imegusana na ethi (waya wa ardhini).

4. Andika ampea za kila breka. Kwa kawaida, waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hupewa breka isiyozidi ampea 10. Wa soketi wa 2.5, ampea 20. Ampea 32 kwa waya wa 2.5 ni kwa soketi za pete tu, ambazo waya wake hutoka kwenye breka na kurudi kwenye breka ileile. Ukishauriwa kuweka breka kubwa kwa sababu iliyopo inajizima kila mara, kataa. Waya utaungua breka ikiwa bado imewaka.

5. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA alinganishe karatasi yako na nyaya zenyewe, kisha apime:
 a. ukinzani wa ganda la nyaya kwa volti 500: usipungue megaomu 1;
 b. kikata-mvujo kwa mA 15: kisikate;
 c. kwa mA 30: kikate ndani ya milisekunde 300;
 d. ethi, kwa kipimo chake, kwa sababu kitufe cha T hakiipimi.

6. Dai majibu kwa namba, yaliyoandikwa na kusainiwa. Neno "iko sawa" si kipimo. Usimalizie malipo kabla ya kuipata karatasi hiyo.